Kano ya Kidole cha Pete

Mkono wa kulia wa Zita ulikuwa umepona vizuri, na hilo ndilo lililowaponza wote. Kovu lilikuwa jembamba, limekaa juu ya kifundo kama uzi uliosahauliwa na fundi, halina usaha wala uvimbe. Majirani waliushika, wakaugeuza, wakasema Mungu ni mwema. Kumbe ile chupa ya mafuta ya taa aliyoanguka nayo kwenye utelezi, akitoka dukani Chala, ilikata zaidi ya ngozi. Kidole gumba kilikuwa kimelala ubavuni mwa wenzake, kimejipanga nao kama askari kwenye gwaride, hakiwezi kutoka mstarini kwenda kukutana na kidole chochote. Akishika jembe, mpini unazunguka. Akishika mwiko, unazama kwenye sufuria. Palizi ya ulezi ndiyo aliyoiacha kabisa, maana magugu ya ulezi yanafanana na ulezi wenyewe, na hayang'olewi kwa jembe. Yanabanwa moja moja kwa ncha za vidole.

Tena kidole gumba hicho, pamoja na cha shahada na cha kati, kilikuwa kimekufa ganzi. Hilo Zita hakumwambia mtu. Alidhani litapita lenyewe, kama ganzi ya mguu uliolaliwa.

Halafu ukaja msimu wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaopita juu ya majani makavu na kuingia ndani kama mwenye nyumba. Asubuhi moja Zita aliepua maji ya moto, akayamimina kwenye karai, akaongeza ya baridi, akatumbukiza vidole kuyapima. Vidole vya mkono wa kulia. Kwa mama Cornelia, mama mkwe wake, na katika kila nyumba iliyojiheshimu pale kijijini, mkono wa kushoto ulikuwa wa kutawazia. Haukuingizwa kwenye chakula, wala kwenye maji ya mtoto. Vidole havikulalamika. Zita akamkalisha mwanawe kwenye karai.

Silvana alikuwa bado hajatimiza miaka miwili.

Mama Cornelia alitoka nyumbani kwake mbio, akifuata kile kilio. Alimkuta Zita amemkumbatia mtoto, amesimama katikati ya ua, anazunguka tu. Hakumpigia kelele. Alimchukua mtoto, akamlaza kifudifudi mapajani, akaanza kummwagia maji ya mtungini, polepole, kwa kata, kuanzia kiunoni hadi miguuni. Alipomaliza ndipo akauliza.

"Maji uliyapima?"

"Niliyapima, mama."

"Kwa mkono gani?"

Zita akauinua. Mama Cornelia akachukua kijiti, akamchoma nacho kwenye gumba, akimtazama usoni. Uso wa Zita haukubadilika.

"Mtoto atakaa kwangu," akasema mama Cornelia. "Mume wako Adolfu yuko Tanga kwenye mkonge, siwezi kumngoja aje aamue. Atakaa kwangu mpaka mkono wako upone. Siku utakapopona njoo umchukue, sitakuzuia hata kwa neno moja."

"Haya," akasema Zita.

Watu walisubiri alie. Hakulia. Tangu siku hiyo alikuwa anaamka, anafagia, anakula akipewa, anaenda kanisani na kurudi. Mtu akimsemesha alijibu. Makovu ya mtoto yalipokauka alikwenda kuyatazama, akayatazama kama mtu anayetazama ramani ya nchi ya mbali, akaaga, akaondoka. Wapo waliosema ana roho ngumu. Mama Cornelia hakuwa miongoni mwao.

Habari za daktari Zita alizisikia kanisani. Ilisemwa kwamba hospitali ya misheni amekuja Mzungu aliyekaa miaka mingi Bara Hindi akiwapasua wagonjwa wa ukoma waliokunjamana vidole, na kwamba baadhi yao sasa wanashika kijiko. Zita alifunga nguo zake kwenye kitenge, akapita kwa mama mkwe kuaga.

"Unakwenda kupona?" akauliza mama Cornelia.

"Ndiyo."

"Nenda."

*

Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye masikio mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limenyooka peke yake. Alimwambia Zita afumbe macho, akawa anamgusa kwa sindano.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Alipofumbua macho aliona tone la damu limesimama kwenye ncha ya kidole cha shahada, dogo, la mviringo. Alilitazama mpaka nesi alipolifuta.

Nesi huyo alikuwa anaitwa Albina, mzaliwa wa Kaengesa, msichana mfupi mwenye mdomo mwepesi aliyesomeshwa na masista. Daktari alizungumza naye kwa muda, naye akageuka kumfafanulia Zita.

"Kwenu wanalima kwa ng'ombe?"

"Jirani anao, wa plau."

"Basi sikiliza. Kidole chako cha pete kina kano mbili za kukikunja. Ni kama shamba dogo lenye ng'ombe wawili, wakati shamba la gumba halina hata mmoja. Daktari atamfungua ng'ombe mmoja wa kidole cha pete, atampitisha chini ya ngozi hapa kiganjani, atamfunga kwenye gumba. Avute huko."

"Na yule anayebaki?"

"Atalima peke yake. Atachoka kidogo, lakini atalima."

"Na ganzi?"

Albina alimwuliza daktari. Daktari akatikisa kichwa, akashika kifundo chake mwenyewe na kuonyesha kwa kidole kitu kinachopita katikati.

"Ganzi itabaki," akasema Albina, na safari hii hakutania. "Kano kazi yake ni kuvuta. Kusikia moto na baridi ni kazi ya mshipa wa fahamu, na wa kwako ulikatika siku nyingi, ncha zake zimekauka. Ungekuja wiki ile ile ulipoanguka, labda angejaribu kuushona. Umeelewa?"

"Kitakwenda, hakitasikia."

"Ndivyo hivyo."

"Mama mkwe alisema mkono upone."

"Kupona kupi, dada? Kitashika, kitabana, kitafunga fundo. Wenzako wanatembea kwa miguu kutoka Ziwa Rukwa kuja kuomba hicho hicho."

"Haya," akasema Zita.

Walimlaza siku iliyofuata. Sista aliyemsukuma kwenye kitanda cha magurudumu alimwuliza kama angependa kusali kwanza. Zita akasema vyovyote, na sista akamsalia yeye. Ukutani mwa chumba cha upasuaji kulikuwa na picha ya Malkia kijana, amekaa wima, mikono imefunikwa na glavu ndefu nyeupe. Zita alizitazama glavu hizo. Kisha wakamwekea kitambaa cha nusu kaputi puani, chenye harufu tamu ya kuchefua, na glavu zikapotea.

Alipoamka, mkono ulikuwa ndani ya plasta ngumu kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, gumba limevutwa ndani kama mtu anayeficha sarafu. Kwenye kitanda cha pili, mwanamke mnene aliyening'inizwa mguu kwa kamba alikuwa anamtazama kwa hamu.

"Umeamka, shoga! Nilidhani nimepewa jirani maiti. Mimi Kulsumu, wa Majengo, mke wa Muhidin mwenye lori. Nilianguka kutoka juu ya magunia ya mahindi ya mume wangu mwenyewe. Wewe?"

"Zita."

"Zita tu? Huna ukoo, huna mume, huna kilichokuleta?"

"Mkono."

"Mkono naouona." Kulsumu akaangua kicheko peke yake. "Mungu wangu, Wafipa! Mtu umebanwa maneno kama gunia lililoshonwa mdomo. Si kitu. Mimi nitasema ya wote wawili."

Na kweli alisema. Alisema juu ya lori na mafuta yake, juu ya wifi zake, juu ya chai ya hospitali ambayo alidai imeoneshwa majani ya chai kwa mbali. Masista walipopita alivuta khanga yake kichwani na kusema, "Mimi nao tunafanana, sote tumejifunika, ila wao hawana Muhidin, wamepona." Zita alimsikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua. Haikumkera, wala haikumgusa.

*

Plasta ilipokatwa, mkono ulitoka mwembamba, ngozi yake imepauka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Kovu jipya lilipita kiganjani. Albina alikaa mbele yake na bakuli la maharage.

"Haya, lete gumba katikati."

Zita akajitahidi. Jasho likamtoka usoni. Gumba halikutikisika.

"Unamwita nani?" akasema Albina. "Gumba hayupo nyumbani! Piga hodi kwa kidole cha pete. Mwambie yeye ndiye akunje."

Zita akaelekeza akili yake kwenye kidole cha pete, akakiambia kikunje. Gumba likainuka. Lilitoka ubavuni, likavuka kiganja polepole, likasimama mbele ya kidole cha shahada, kama mgeni aliyefika mlangoni asijue kama ataambiwa karibu.

Kulsumu alipiga kigelegele mpaka sista mkuu akaja kuchungulia.

"Fanya tena!" akapiga kelele. "Fanya tena, shoga, nione! Yaani unakiambia hiki kinasikia kile? Kama watoto wangu!"

Zita akafanya tena, na tena. Kila siku alikuwa anafanya. Alianza kuokota mahindi, punje moja moja, kisha maharage, kisha vifungo vya shati ambavyo Albina alivikopa kutoka chumba cha cherehani. Alijifunza kufunga na kufungua fundo la kitenge. Lakini ilimlazimu kutazama. Akitazama, vidole vilibana. Akigeuza uso kujibu swali la Kulsumu, kifungo kilidondoka, naye aliendelea kubana hewa, akidhani bado anacho.

"Mkono huu ni kipofu," Albina alimwambia. "Macho yako ndiyo yanauongoza. Na moto, nakuomba, dada Zita, moto na maji ya moto uyapime kwa mkono wa kushoto. Usijali watu watasema nini."

Baada ya Albina kuondoka, Kulsumu alikuwa ametulia kwa namna isiyo ya kawaida yake.

"Maji ya moto yana nini?" akauliza. "Mbona uso wako ulikwenda mbali?"

Zita akamsimulia. Alisimulia kwa sauti ile ile ambayo angesimulia bei ya chumvi: karai, vidole, mtoto, kata ya maji, mpaka mkono upone. Alipomaliza, Kulsumu alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Na mama mkwe anajua kwamba ganzi haitoki?"

"Hajui."

"Basi asijue." Kulsumu alijiinua kwa viwiko, mguu ukabembea kwenye kamba. "Nisikilize vizuri. Amesema mkono upone. Mkono umepona! Unabana, unafunga, unaokota. Mwoneshe, chukua mwanao, nenda zako. Maji utapima kwa mkono wa kushoto nyumbani kwako, ukiwa umefunga mlango, nani atakuona? Ukimwambia neno ganzi, huyo mtoto humpati mpaka aolewe."

"Nitakuwa nimemdanganya."

"Utakuwa umenyamaza. Wewe kunyamaza unashindwaje? Tangu nikujue hujafanya kingine."

Zita alitazama gumba. Akakunja kidole cha pete, gumba likaja. Akakiacha, likarudi.

"Haya," akasema.

*

Lori la Muhidin lilimshusha Chala, na kutoka hapo alitembea. Mashamba pande zote yalikuwa na matuta ya duara ya nyasi zilizofukiwa, nayo palizi ya ulezi ilikuwa imeanza, wanawake walikuwa wameinama safu kwa safu, wakiuliza bila kuinuka, "Zita, umerudi? Umepona?" Akawa anajibu kwamba amepona. Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotegemea. Alilisema mara nyingi njiani, mpaka alipofika uani kwa mama mkwe likawa limeshazoea mdomo wake.

Alipiga magoti, akapiga makofi ya taratibu ya salamu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka salama?"

"Salama. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Lete huo mkono."

Mama Cornelia alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye kiko kilichozoea pembe moja ya mdomo kiasi kwamba meno ya upande huo yalikuwa yameacha nafasi yake. Silvana alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika nguo ya bibi yake kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekua. Alimchungulia Zita, akajificha tena.

Mama Cornelia akauchunguza mkono, akafuata kovu jipya kwa ukucha.

"Hapa walitoa nini?"

"Kano ya kidole cha pete. Wakaiunga kwenye gumba."

"Mh. Okota hii." Akaangusha mbegu ya boga. Zita akaitazama, akaikunjia kidole cha pete, akaiokota. Majirani wawili waliokuwa wameingia wakaguna kwa mshangao. "Na hii." Ilikuwa sindano. Zita akaiokota. "Funga mbeleko." Zita akachukua kitenge, akakipitisha begani na chini ya kwapa, akafunga fundo mbele ya kifua, akalivuta likakaza. Majirani wakacheka kwa furaha, mmoja akampiga mgongoni akisema, "Wazungu ni wachawi hawa!"

Hata mama Cornelia aliachia tabasamu. "Nilisema mwenyewe sitakuzuia," akawaambia majirani, kana kwamba wao ndio walikuwa na shaka. "Silvana, twende, msalimie mama. Huyu ndiye mama yako." Mtoto akajibana kwenye paja la bibi. "Atazoea. Leo ale hapa, mlale hapa, kesho mwende kwenu. Nimekwisha kufunga nguo zake."

Zita akasema asante. Alisubiri furaha ije. Alijua mahali ambapo ingepaswa kuwa, kama mtu anavyojua mahali alipozoea kuweka kitu; akapapasa, hakukuta chochote, ila hakushangaa.

Walikaa uani, jua likiwa bado juu ya vilima. Mama Cornelia akaanza kushindilia tumbaku kwenye kiko chake, akiongea na majirani juu ya ng'ombe wa mtu fulani aliyeingia kwenye ulezi wa mtu mwingine. Kiko kilipojaa akakielekeza kwa Zita, bila hata kukatisha hadithi.

"Mama Silvana, niletee moto."

Pale kwao mkubwa hafuati moto jikoni, na kijana hamletei kwenye kigae kama mgonjwa. Mkwe mzuri anaingia jikoni, anachagua kaa dogo lililoiva, analibana kwa vidole, anatoka nalo mbio akilirusha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akipuliza, akiruka, na wakubwa wanamcheka na kumshangilia mpaka kaa linapotua juu ya tumbaku. Ni heshima na ni mchezo. Tangu aanguke na chupa, Zita hakuwahi kuombwa. Mama Cornelia alikuwa anamrudishia nafasi yake mbele za watu, na Zita alilielewa hilo.

Akaingia jikoni. Akachagua kaa. Akalitazama, akakunja kidole cha pete, gumba likaja likalibana sawasawa dhidi ya kidole cha shahada, bila kutetemeka. Lilikuwa limebanwa vizuri kuliko kifungo chochote. Akawaza kwamba Albina angefurahi kuliona. Akatoka nalo.

Alitembea. Alipita mlango wa jikoni, akapita kinu, akapita kuku, akazunguka mkeka wa majirani, hatua kwa hatua, macho yake hayakutoka kwenye vidole ili kaa lisidondoke. Hadithi ya ng'ombe ilikatika katikati. Hakuna aliyecheka. Zita alipopiga magoti mbele ya mama mkwe na kulinyoosha kaa, aliona yule mzee hatazami kiko, anamtazama yeye usoni. Kisha akaisikia harufu, kama unyoya wa kuku ulioguswa na moto.

"Weka chini," akasema mama Cornelia kwa sauti ndogo.

Zita akaliachia. Halikuachia mara moja. Ngozi ilikuwa imeshikana nalo.

Majirani walikumbuka kazi zao majumbani, wakaaga. Mama Cornelia aliingia ndani, akatoka na maji ya mtungini na kibuyu cha asali. Akauweka mkono wa Zita kwenye paja lake, akaumwagia maji kwa kata, polepole, kisha akapaka asali gumba na kidole cha shahada, akavifunga kwa kitambaa. Alichukua muda mrefu kufunga.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Daktari alikwambia?"

"Kabla hajanipasua. Alisema kitakwenda, hakitasikia."

"Na ungeniambia lini?"

Zita alikuwa na jibu tayari. Kesho, angesema, nilikuwa nakwambia kesho. Alilifungulia mdomo. Halikutoka, pengine kwa sababu ya yule mtoto, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu, anakitazama kile kitambaa cheupe mkononi mwa mgeni.

"Nisingekuambia," akasema.

Mama Cornelia alitikisa kichwa, si kwa hasira. Aliokota lile kaa lililokuwa limepoa, akaligeuza, akalitupa kwenye majivu. Zita akadhani mazungumzo yamekwisha na kwamba anatakiwa kuondoka. Akaanza kujiinua.

"Kaa, nisikilize," akasema mama Cornelia. "Mimi nilisema mkono upone. Nilisema hivyo kwa sababu nilidhani mikono hupona. Sasa nimeona. Huo hautasikia, si kesho, si mwakani?"

"Si kesho, si mwakani."

"Basi mtoto hatoki hapa."

"Haya."

"Usiniambie haya!" Yule mzee alipiga paja lake kwa kiganja, na kuku wakatawanyika. "Kila kitu haya! Nimemchukua mtoto wako, haya! Nikikwambia ukajitupe kisimani utasema haya? Nikatalie, mwanamke! Nitukane hata kidogo!"

Zita alifungua mdomo, akalitafuta neno la kukataa. Alilitafuta kweli.

"Ni wangu," akasema mwishowe. Lilikuwa jambo la wazi tu. Lakini aliposema akaona mikono yake yote miwili imeshikilia mkeka. "Simwachi hapa niende. Nimechoka kuja kumtazama na kuaga. Ni wangu, mama."

"Eh," akasema mama Cornelia, akapumua. "Kumbe umo humo ndani." Alikitwaa kiko kisichowashwa, akakiweka mdomoni, akakitoa. "Mtoto hatoki hapa, kwa hiyo wewe ndiye utakayeingia. Kesho tukahamishe mkeka wako na vyungu vyako. Ile nyumba Adolfu akirudi ataifungua mwenyewe, kama atarudi. Maji ni yangu, moto ni wangu. Sitaki kukuona na karai, sitaki kukuona na chungu kilichoko mekoni, mpaka huyu awe mkubwa wa kukupimia wewe. Kulima utalima, palizi utapalilia, nimekuona unavyobana. Na kumbeba utambeba. Mgongo wako una ganzi?"

"Hauna."

"Geuka."

Zita akageuka, akainama. Mama Cornelia akamnyanyua Silvana, ambaye alianza kupiga mateke na kulia, akamlaza juu ya mgongo wa mama yake, akafunika kwa kitenge na kuvuta ncha zake mbele.

"Funga mwenyewe," akasema.

Zita akatazama chini, akakunja kidole cha pete. Gumba lililofungwa kitambaa likaja kwa uzito, likabana ncha ya kitenge. Alifunga fundo, likalegea, akalirudia, likakaza. Mtoto alikuwa bado analia, anampiga ngumi kwenye bega, anamwita bibi. Bibi alikuwa ameshawapa mgongo, amekwenda jikoni kutengeneza moto wake.

Zita akaanza kutembea uani, kama watu wanavyotembea na mtoto anayelia, kutoka kwenye kinu mpaka kwenye uzio na kurudi. Hakuimba, hakukumbuka wimbo. Kilio kikapungua kuwa kwikwi. Ngumi zikaacha. Upepo ulikuwa umeanza kupoa, na watu walikuwa wanarudi kutoka kwenye ulezi na makapu yao kichwani, wakiwasalimia kutoka njiani. Alikuwa karibu na uzio pale aliposikia kitu cha moto kikienea kiunoni, kikapenya kitenge, kikapenya gauni, kikashuka taratibu mgongoni mpaka kwenye paja. Mtoto alikuwa amemkojolea.

Alisimama. Ulikuwa moto kweli, tena ulikuwa unaanza kupoa kwa upepo, ukimwasha kidogo, na aliusikia wote, kila mahali ulipopita.

"Mama Silvana!" mama Cornelia akaita kutoka jikoni. "Mbona umesimama? Ameanza tena?"

"Hapana, mama," akasema Zita. "Amekojoa."

"Basi mlete nimwogeshe."

"Nakuja," akasema, lakini alibaki amesimama pale kwanza.